Makochi ya Mninga: Kutambua na Kukusanya Samani za Miaka ya 1950 na 1960 Ufipa

Samani za katikati ya karne ya 20, yaani zile zilizotengenezwa takribani kati ya mwaka 1945 na 1970, hujulikana kwa umbo lake jepesi. Fremu ni nyembamba, mistari imenyooka, miguu hupungua unene kuelekea chini, mgongo wa kiti umelala kidogo nyuma, na mbao imeachwa ionyeshe rangi yake yenyewe bila nakshi wala maua ya kuchonga. Kochi la enzi hizo likitazamwa ubavuni huonyesha wazi jinsi lilivyojengwa: mguu wa mbele, mguu wa nyuma, mkono mpana ulio bapa juu yake, na mito miwili isiyoshonewa kwenye fremu, mmoja wa kukalia na mwingine wa kuegemea. Ni kazi isiyoficha kitu, ndiyo maana ustadi wa fundi, au upungufu wake, huonekana papo hapo.

Katika Uwanda wa Ufipa mahali pa kuzitafuta panajulikana: nyumba za mapadre na masista, shule kongwe, ofisi za serikali, na sebule za watumishi wastaafu mjini Sumbawanga na Namanyere. Nyingi hazina jina la mbunifu wala lebo ya kiwanda. Kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa mizigo ya stoo pindi seti mpya ya makochi ya sponji inapoingia ndani, na safari yake ya mwisho huwa jikoni, kama kuni. Hasara hiyo inazuilika. Mbao, maungio na alama za samani hizo vinasomeka kwa yeyote aliyejifunza kuzitazama, na kila kimoja kinaeleza mti uliokatwa, mkono ulioufanyia kazi na nyumba iliyokitumia.

Mtindo na chimbuko lake

Mtindo huu ulikomaa wakati dunia ilipokuwa na uhaba wa mbao. Nchini Uingereza, mwaka 1942, serikali ilianzisha mpango ulioitwa Utility: viwanda viliruhusiwa kutengeneza samani za miundo michache tu, imara, isiyo na mapambo na isiyopoteza mbao. Mpango huo ulidumu hadi 1952, na kizazi kizima cha Waingereza, wakiwamo maofisa waliotumwa makoloni, kilizoea kuona kiti kisicho na nakshi kuwa kiti cha kawaida. Nchini Marekani, Charles na Ray Eames walionyesha katikati ya miaka ya 1940 kwamba plaiwudi inaweza kukunjwa ikafuata umbo la mwili. Nchini Denmark, mwaka 1949, Hans Wegner alibuni viti vya mbao ngumu ambavyo hadi leo vinatengenezwa na kuigwa. Kimojawapo kilikaliwa na John F. Kennedy na Richard Nixon katika mdahalo wao wa televisheni mwaka 1960.

Afrika Mashariki haikuwa mpokeaji tu katika historia hiyo. Mwaka 1933 Mdenishi Kaare Klint alibuni kiti cha safari, chenye fremu inayofunguka vipande vipande na turubai la kukalia, akifuata viti vya kukunja vya maofisa wa jeshi la Uingereza vilivyokuwa vikibebwa na misafara ya wawindaji huku kwetu. Kiti hicho kikawa miongoni mwa misingi ya samani za kisasa za Denmark.

Majengo nayo yalibadilika. Mjerumani Ernst May, aliyeishi Afrika Mashariki tangu 1934 hadi 1953, alisanifu jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi, lililofunguliwa mwaka 1952. Dar es Salaam ilimpata Anthony Almeida, msanifu mzaliwa wa jiji hilo, na baadaye Beda Amuli, aliyesanifu Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970. Majengo ya namna hiyo, yenye madirisha mapana na kuta tupu, yalihitaji samani nyepesi zinazolingana nayo, na mafundi wa Tanganyika wakazitengeneza kwa mbao walizokuwa nazo.

Njia tatu za kufika Ufipa

Njia ya kwanza ni misheni. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la White Fathers, walipokea kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, kisha wakajenga vituo vingine, vikiwamo vya Kirando na Kala pwani ya ziwa, na Kate, Zimba na Mwazye. Mabruda wao walikuwa waashi na maseremala, na kila kituo kilihitaji mabenchi ya kanisa, makabati ya mavazi ya ibada, meza za kulia, madawati na vitanda vya wanafunzi. Jimbo la Karema liliundwa mwaka 1953 na kubadilishwa jina kuwa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969. Miaka hiyo 16 ndiyo hasa kipindi cha samani zinazozungumziwa hapa. Samani za misheni huwa nzito kidogo kuliko za serikali. Bruda aliyejifunza ufundi Ulaya kabla ya vita aliendelea kupenda mbao nene hata alipofuata umbo jipya.

Njia ya pili ni serikali. Wajerumani waliweka boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Waingereza walihamishia utawala uwandani, na Sumbawanga ikakua kuwa mji wa wilaya. Nyumba za watumishi zilitolewa zikiwa na samani zake: makochi, meza ya kulia na viti vyake, kabati la vyombo, kabati la nguo, meza ya kuandikia na vitanda. Zilitengenezwa chini ya Idara ya Ujenzi ya serikali kwa vipimo vinavyofanana, ili kiti cha nyumba moja kiweze kuhamia nyumba nyingine. Baada ya uhuru mwaka 1961 watumishi Waafrika waliingia katika nyumba hizo na kukuta samani ndani. Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, ofisi na nyumba za watumishi ziliongezeka, na muundo uleule ukaendelea kuigwa, hata ikawa kochi la mwaka 1976 linaweza kufanana na la 1958 kwa kila kitu isipokuwa skrubu na sponji.

Njia ya tatu ni biashara na karakana za mtaani. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, ikafupisha safari ya mizigo kutoka Tabora na Dar es Salaam. Meli ya Liemba ilishusha mizigo Kirando, Kipili na Kasanga. Upande wa kusini, barabara ya Tunduma iliunganisha Ufipa na Mbeya na Iringa. Na ng'ambo ya mpaka, Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, ilikuwa makao makuu ya shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu lililoanzishwa mwaka 1949, likidhibiti pia mazalia ya nzige ya Bonde la Rukwa. Kwa njia hizo zililetwa samani za viwandani, pamoja na mafundi na michoro. Shule ya ufundi ya Ifunda, mkoani Iringa, ilianza kufundisha useremala mwanzoni mwa miaka ya 1950, na vijana waliohitimu vyuo kama hicho walifungua karakana sehemu nyingi za nyanda za juu.

Kusoma mbao

Uwanda wenyewe ni wa majani. Miti ya mbao hukua kwenye miteremko inayoshuka kuelekea Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa, na katika misitu ya miombo ya Nkasi na Katavi. Kwa samani za kipindi hiki mti mkuu ni mninga. Kiini chake huanzia rangi ya dhahabu hadi kahawia iliyokoza, kikiwa na michirizi isiyolingana, na sehemu ya nje ya gogo ni njano iliyopauka. Ukiwa mkavu si mzito sana, kilo 600 hadi 650 kwa mita moja ya ujazo, na sifa yake kubwa ni kutulia: haujipindi wala hautanuki ovyo majira yanapobadilika. Mchwa pia huukwepa.

Mkora, unaoitwa mkongo katika baadhi ya mikoa, ni mzito zaidi na una wekundu wa kahawia. Ndani ya vinyweleo vyake mara nyingi huonekana unga wa njano. Hutumika zaidi kwenye milango, meza nzito na mabenchi. Mkurungu, ndugu wa mninga, una wekundu uliokolea. Mvule hauna asili ya uwanda huu na huenda uliletwa kutoka mbali. Una rangi ya dhahabu inayogeuka kahawia kwa kukaa na hewa, na wakati mwingine hubeba vijiwe vya chokaa ndani ya mbao, ambavyo huharibu makali ya randa. Mtiki huhisika kama una mafuta ukiguswa, na harufu yake hukumbusha ngozi. Msonobari, wenye vifundo na pete pana, mara nyingi huashiria kazi ya baadaye, baada ya mashamba makubwa ya miti kama ya Sao Hill kuanza kuvunwa.

Rangi ya juu haitoshi kutoa hukumu, kwa sababu vanishi na moshi wa miaka mingi hufanya mbao zote zifanane. Mahali pa kutazama ni chini ya kiti, nyuma ya kabati na ndani ya mtoto wa meza. Hapo fundi hakupaka kitu, na kukwangua kidogo kwa wembe hufichua rangi halisi. Si ajabu kukuta upande wa mbele wa mtoto wa meza ni mninga na ubavu wake ni mbao ya bei ndogo. Ndivyo kazi nzuri ya kipindi hicho ilivyofanywa. Upana wa ubao nao ni ushahidi. Meza yenye uso wa ubao mmoja au miwili mipana ilitoka kwenye gogo kubwa lililokua kwa miongo mingi, na magogo ya aina hiyo ni adimu sasa.

Alama za msumeno husaidia kukadiria umri. Mistari iliyonyooka lakini isiyolingana, kwenye upande usioonekana, ni ya msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo. Mistari yenye umbo la upinde ni ya msumeno wa duara wa kiwandani. Kiganja kikipitishwa chini ya uso wa meza huhisi mawimbi madogo pale ambapo randa ya mkono ilipita. Mashine ya kuranda huacha uso sawa, au vijimistari vidogo vinavyolingana.

Maungio, skrubu na mito

Baada ya mbao hufuata maungio, na hapa ndipo kazi ya kweli inapotengana na kazi ya haraka. Katika samani nzuri za miaka ya 1950, mguu na ubao wa pembeni huunganishwa kwa ulimi uliochongwa kwenye ncha ya kipande kimoja na kuingizwa katika tundu la kipande cha pili, kisha hupigiliwa pini ya mti. Pini hiyo huonekana nje kama duara dogo, na kwa kuwa mbao husinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, duara la zamani huwa limegeuka yai kidogo. Watoto wa meza na makabati huungwa kwenye kona kwa meno yanayopanuka kuelekea mwisho, yakaingiana kiasi kwamba upande wa mbele hauwezi kuvutwa ukang'oka. Meno yasiyolingana upana ni ya msumeno na patasi za mkono. Yanayofanana kabisa ni ya mashine. Kona iliyopigiliwa misumari mitupu ni ya kazi ya bei rahisi au ya matengenezo yaliyofuata.

Miguu ya mviringo ilikerezwa, na mikwaruzo myembamba inayozunguka mguu huonyesha hivyo. Skrubu za kipindi hiki nyingi zina mfuo mmoja. Skrubu ya nyota, ingawa ilibuniwa Marekani miaka ya 1930, ilichelewa kuenea huku. Kwa hiyo skrubu ya nyota katika kiti kinachosemekana kuwa cha mwaka 1950 ni dalili ya kufunguliwa na kufungwa upya, na si lazima iwe dalili ya udanganyifu. Jambo la kuangalia ni kama tundu lake limetoboliwa mahali papya. Vipimo pia vinasema. Kazi ilifanywa kwa inchi na futi, na urefu au upana ukitoka inchi kamili mara kwa mara, hiyo ni dalili ya michoro ya zamani. Peke yake haithibitishi umri, maana mafundi wengi wanataja mbao na vitanda kwa inchi na futi hadi leo.

Chini ya mto kuna ushahidi mwingine. Makochi ya mwanzo yalitumia vipande vya mbao vilivyopangwa kwa nafasi, springi za waya, au kamba. Mikanda ya mpira iliingia sokoni miaka ya 1950 na kuzifanya fremu ziwe nyembamba zaidi. Mito ilijazwa sufi, makumbi ya nazi au pamba. Sponji ilikuja kutawala baadaye. Kitambaa hakiwezi kutumika peke yake kukadiria umri wa fremu, kwa kuwa kilibadilishwa kila kilipochakaa. Kochi lenye foronya ya kitambaa cha kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, linaweza kuwa na fremu iliyokitangulia kitambaa hicho kwa miaka 15. Ndiyo maana foronya za zamani hazitupwi: huondolewa, hukunjwa na kuhifadhiwa pamoja na kochi lake.

Rangi ya kumalizia hupimwa kwa tone. Tone la spiriti likiwekwa mahali palipofichika na uso ukalainika na kunata, hapo pamepakwa shelaki, iliyotumika sana kabla na baada ya vita. Uso usiobadilika kwa spiriti lakini unaolainika kwa thina umepakwa lakeri. Uso usioitikia chochote una vanishi ya kisasa zaidi, na huenda umepakwa upya.

Alama na nyaraka

Samani za viwandani kutoka Ulaya huwa na lebo, muhuri wa moto au kibandiko chini ya kiti au ndani ya mtoto wa meza. Kiwanda cha E. Gomme cha Uingereza kilianza kuuza samani kwa jina la G-Plan mwaka 1953. Ercol, pia ya Uingereza, iliuza viti vyepesi vyenye mgongo wa vijiti. Samani za serikali zilipigwa herufi za idara na namba za orodha, kwa rangi au kwa chuma cha moto. Za misheni zinaweza kuwa na jina la kituo, na za shule namba ya darasa au bweni.

Mtu anayesafisha kiti huona alama hizo kama uchafu na kuzipiga msasa. Kilichotokea Chandigarh nchini India kinafundisha kinyume. Pierre Jeanneret, Mswisi aliyefanya kazi katika mji huo tangu 1951 hadi 1965, alisimamia utengenezaji wa maelfu ya viti na meza za mtiki kwa ajili ya ofisi za serikali, mafundi wa India wakiwa ndio watengenezaji. Miongo kadhaa baadaye samani hizo zilirundikwa nyuma ya ofisi na kuuzwa kama vitu chakavu. Wafanyabiashara wa Ulaya walizinunua, wakazitengeneza na kuziuza kwenye minada ya Paris na New York kwa maelfu ya dola kila moja. Leo namba za orodha zilizopakwa kwenye miguu ya viti hivyo ndizo wanunuzi wanazozitafuta kwanza, maana zinathibitisha vilikotoka. Mwaka 2011 serikali ya India ilitoa agizo la kuzuia kuuzwa kwa samani hizo, wakati nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Kiti cha ofisi ya wilaya ya Tanganyika hakina jina la Jeanneret, lakini kilitengenezwa katika miaka ileile, kwa sababu zilezile na kwa mikono yenye ujuzi sawa.

Mitego ya mnunuzi

Mtego mkubwa Ufipa ni matengenezo yaliyopitiliza, yanayowapotosha wanunuzi wengi kuliko uigaji. Miguu hukatwa ili kochi lilingane na meza mpya, mikono hubadilishwa, fremu mbili zilizovunjika huunganishwa zikawa moja, na uso wote hupigwa msasa wa mashine mpaka kona zinaviringika. Kitu cha aina hiyo bado kinaweza kukaliwa kwa raha, ila hakistahili bei ya kitu kizima. Dalili za kutazama ni mbao mbili tofauti katika fremu moja, matundu ya skrubu yasiyo na kazi, mguu mmoja mfupi, na uchakavu usiofuata matumizi. Mkono wa kochi huchakaa mbele, pale kiganja kinaposhika, na ukingo wa mguu huchakaa chini, pale fagio na deki vinapogonga. Uchakavu uliosambaa sawasawa umetiwa kwa makusudi.

Ukamilifu wa seti huongeza thamani. Viti sita vya kulia vya mkono mmoja, hata vikiwa na mikwaruzo, ni bora kuliko kumi vya asili tofauti. Vitasa, bawaba na vishikio vya awali vibaki, na ufunguo ukipatikana ufungwe kwa uzi ndani ya mlango wake.

Kuhusu uhalali, mali ya umma haiuzwi na mtumishi mmoja ofisini. Hufutwa kwenye daftari la mali na kuondolewa kwa utaratibu wa serikali, kwa kawaida mnada wa hadhara, na mnunuzi hudai stakabadhi. Mali ya parokia au shule ya kanisa inahitaji idhini ya maandishi ya uongozi wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalenga zaidi vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na milango iliyochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo kochi la mwaka 1955 halipati ulinzi kwa umri wake pekee. Ulinzi wake unategemea aliyenalo.

Biashara ya mbao zenyewe imebanwa. Mkurungu uliingizwa katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 2019, baada ya uvunaji mkubwa uliogusa pia Zambia na Rukwa. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza spishi nyingine za Afrika za jenasi ya mninga na za mkora. Anayesafirisha samani kwa umbali mrefu afike kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, aulize nyaraka zinazotakiwa, na abebe stakabadhi ya ununuzi pamoja na picha. Uhaba wa mbao hizo ni sababu ya msingi ya kuvitunza vya zamani: kabati moja lililookolewa ni mninga usiokatwa upya.

Kutunza katika hali ya hewa ya Ufipa

Sumbawanga ipo takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Tanganyika lipo mita 770 hivi. Kati ya Mei na Oktoba uwanda hukauka na upepo huvuma sana. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Mbao hunywa unyevu na kuutoa kufuatana na hewa, hivyo meza inayopandishwa kutoka Kirando au Kasanga na kuingizwa katika chumba kikavu mwezi Julai inaweza kupasuka. Ni busara kuihamisha wakati wa mvua, au kuiweka wiki kadhaa katika chumba kisicho na jua wala moto kabla ya kuanza kuitumia. Jiko la mkaa la kuotea baridi lisikae karibu na kabati, na dirisha la magharibi liwe na pazia.

Kusafisha huanza na kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri, kisha kikavu. Uso uliopoteza mng'ao hurudishwa kwa nta ya nyuki, ambayo misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania huitoa kwa wingi. Sehemu moja ya nta huyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kikiwa mbali na mwali, kisha huongezwa sehemu tatu au nne za tapentaini. Mchanganyiko ukipoa hupakwa kidogo kwa kitambaa na kusuguliwa baada ya muda. Msasa ni hatua ya mwisho kabisa, na hutumika tu pale rangi ya juu ilipokwisha kuharibika isitibike.

Miguu isikae moja kwa moja juu ya udongo au saruji yenye unyevu. Kipande cha mpira au ubao chini yake huzuia maji na mchwa. Unga mpya chini ya kiti, ulio laini, unaonyesha kuwa kuna wadudu wanaotoboa mbao, hasa katika sehemu ya nje ya gogo yenye rangi iliyopauka. Kiti hicho hutengwa na vingine, hutiwa dawa ya mbao kwenye vitundu kwa sindano, na vitundu huzibwa kwa nta ili unga mpya uonekane ukitokea tena. Kiungo kilicholegea hufunguliwa, gundi ya zamani huondolewa, na hugundishwa upya na kubanwa. Msumari haupigwi, kwa kuwa hupasua ulimi na kuharibu kiungo kisiweze kutengenezwa tena.

Fundi wa kazi hii hana budi kujua kuchonga ulimi kwa patasi. Mafundi wazee wa Sumbawanga wanaojua hivyo ni hazina, na vijana wanaopita vyuo vya VETA au karakana zinazohudumiwa na SIDO wanaweza kujifunza kutoka kwao kwa kufungua kiti kimoja cha zamani na kukirudisha kilivyokuwa. Muundo huo, uliopimwa na kuchorwa upya, unaweza kutengenezwa tena kwa mkaratusi au mtiki wa shambani bila kugusa msitu wa asili.

Daftari la mkusanyaji

Mkusanyiko usio na maandishi ni rundo la viti. Kila kitu kinahitaji ukurasa wake: kilipatikana wapi na lini, nani alikuwa nacho kabla, kilitumika katika nyumba, kituo au ofisi gani, vipimo vyake, aina ya mbao, maungio, alama zilizoonekana, na matengenezo yaliyofanyika. Picha zipigwe kwa mbele, ubavu, nyuma na chini. Jina la fundi, likikumbukwa na familia, liandikwe kwa ukamilifu pamoja na mahali alipojifunza, maana katika historia ya samani za Ufipa majina ya mafundi ndiyo yanayopotea kwanza. Nakala ya ukurasa huo ibandikwe ndani ya bahasha chini ya kiti, ili kikibadilisha mikono kiondoke na habari zake. Parokia, shule na halmashauri zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa vitu vilivyomo mikononi mwao bila kununua chochote: orodha ya mali ya kila mwaka ikiongezewa safu ya asili, mbao na alama, inatosha kuonyesha kipi kisiuzwe wala kupasuliwa kabla hakijachunguzwa.